Mali bila daftari: Jinsi hazina za wavuti zinavyookotwa, kugawanwa na kupotea

KUOKOTA jambo zuri katika wavuti na kuwapasha wengine ni desturi iliyozaliwa pamoja na wavuti yenyewe. Mtu huona ramani iliyochorwa kwa ustadi, programu ya rununu inayomfaa mkulima, au nyumba ya wageni iliyojificha kisiwani, naye hatulii mpaka amemtumia ndugu, rafiki au mwenzake kazini anwani ya mahali alipoiona.

Mambo yanayogawanwa kwa njia hii ni mengi, lakini makundi matatu yametia fora tangu mwanzo: usanifu, programu na likizo. Desturi hiyo imezaa kampuni za mabilioni ya dola na kuwasaidia wananchi kutoa ushahidi wakati wa machafuko. Hata hivyo, imewaponza wasafiri wasio na hadhari na kuwanyima wabunifu wengi sifa ya jasho lao. Isitoshe, sehemu kubwa ya yaliyookotwa katika miongo mitatu iliyopita haionekani tena popote. Makala haya yanaeleza ilikotoka desturi hiyo, ilivyokua, hatari zake na namna ya kuidumisha kwa manufaa.

Kabla ya wavuti

Katika mkahawa wa Thorn Tree, ulio katika hoteli ya The Stanley jijini Nairobi, palikuwa na mti wa mgunga ambao kwa miaka mingi wasafiri waliubandika vijikaratasi vya kupashana habari. Aliyetoka safari aliwaachia ujumbe wanaokwenda, na aliyempoteza mwenzake njiani alimtafuta pale. Sifa za mti huo zilienea hivi kwamba Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya safari iliyoasisiwa na Tony na Maureen Wheeler mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipofungua baraza la wasafiri katika wavuti mwaka 1996, ililipa jina lilo hilo la Thorn Tree. Baraza hilo lilidumu takriban robo karne hadi lilipofungwa kabisa mwaka 2021.

Wazo la kuunganisha maarifa kwa njia zinazoweza kufuatwa na wengine ni la kale kuliko tarakilishi za mezani. Mnamo Julai 1945, mhandisi wa Marekani Vannevar Bush alichapisha makala katika jarida la The Atlantic Monthly akipendekeza mtambo aliouita memex. Kwa maelezo yake, mtambo huo ungehifadhi vitabu na kumbukumbu za mtu, na kumwezesha kuunganisha jambo moja na jingine ili kufanya njia ambayo mwingine angeweza kuifuata baadaye. Bush alitabiri kwamba patazuka watu ambao kazi yao itakuwa kuwafungulia wenzao njia katika msitu wa maarifa. Mtambo wenyewe haukuundwa, ila watu aliowatabiri walikuja.

Orodha za kwanza

Wavuti ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Alitoa pendekezo lake Machi 1989, na kufikia 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana nje ya kituo hicho. Aprili 30, 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo itakuwa mali ya umma, yaani mtu yeyote angeweza kuitumia bila malipo. Uamuzi huo ndio uliowafungulia watu mlango.

Mwaka huo huo, chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina. Pamoja na kivinjari hicho kulikuwa na ukurasa wa kutangaza tovuti mpya kadiri zilivyochipuka. Wakati huo tovuti zilikuwa chache, na mtu mwenye bidii angeweza kuzipitia zote.

Hali hiyo haikudumu. Mapema 1994, wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuweka orodha ya tovuti walizozipenda, wakizipanga kwa mafungu kama maktaba ipangavyo vitabu. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Yahoo!. Haikuwa kazi ya mtambo wa kutafuta. Ni wanadamu waliokaa wakachambua kipi kiingie na kipi kiachwe. Orodha ya Yahoo! ilifungwa mwishoni mwa 2014, baada ya mitambo ya kutafutia, hasa Google, kuwa imeizidi kwa muda mrefu.

Mnamo Desemba 1997, Mmarekani Jorn Barger aliiita tovuti yake weblog, neno ambalo baadaye lilifupishwa na kuwa blogu. Blogu hiyo ya kwanza kuitwa hivyo haikuwa shajara ya maisha yake. Ilikuwa orodha ya kila siku ya viungo vya mambo aliyoyaona yanafaa kusomwa.

Vialamisho vyawa mali ya umma

Kwa miaka kadhaa, mtu aliyependa ukurasa fulani aliuwekea kialamisho katika tarakilishi yake mwenyewe. Tarakilishi ikiharibika, akiba hiyo iliteketea, na hata ilipokuwa nzima haikumfaa jirani.

Mwaka 2003, Joshua Schachter wa Marekani alianzisha Delicious, tovuti iliyomwezesha mtu kuhifadhi vialamisho vyake mahali ambapo wengine wangeviona. Jipya zaidi lilikuwa matumizi ya lebo. Badala ya kupanga viungo katika mafungu yaliyowekwa na mkuu wa maktaba, kila mtu aliandika maneno yake mwenyewe, kama vile 'ramani', 'mapishi' au 'Lamu'. Lebo za watu wengi zilipokusanywa pamoja, mpangilio ulijitokeza bila ya yeyote kuuamuru. Alama ya reli (#), ambayo Chris Messina aliipendekeza mwaka 2007 kwa watumiaji wa mtandao wa Twitter, ni ndugu wa lebo hizo.

Miaka hiyo ilikuwa ya neema. StumbleUpon, iliyoanzishwa nchini Kanada mwaka 2001, ilimpeleka msomaji kwenye ukurasa asioutarajia kwa kubonyeza kitufe kimoja. Digg ilizaliwa 2004 na Reddit ikafuata 2005, zote zikiwaachia wasomaji kupiga kura juu ya kiungo kipi kipande na kipi kishuke. Mwaka 2007, Nate Weiner alitoa programu ya kuhifadhi makala ya kusomwa baadaye, ambayo hatimaye iliitwa Pocket.

Katika Afrika Mashariki, kizuizi kikubwa kilikuwa gharama. Kabla ya 2009, eneo hili lilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na yenye kusuasua. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo, picha na video zilianza kufunguka kwa wepesi usiojulikana awali. Hata kabla ya hapo, wanablogu wa Kenya walikuwa wamejenga jamii yenye nguvu. Mojawapo ya blogu za wakati huo, AfriGadget, ilijishughulisha na kukusanya habari za uvumbuzi wa mafundi wa kawaida barani Afrika, waliounda vifaa kwa vyuma chakavu na akili zao.

Usanifu: kizuri bila mwenyewe

Kati ya mambo yote yanayogawanwa, picha za usanifu ndizo zinazosafiri kwa kasi zaidi, kwa kuwa haziitaji tafsiri. Pinterest, iliyoanza 2010 chini ya Ben Silbermann, Paul Sciarra na Evan Sharp, iliigeuza wavuti kuwa ubao wa kubandika picha za mavazi, nyumba, harusi na vyombo. Kufikia Aprili 2019 hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la New York.

Tatizo lilijitokeza mapema. Picha iliyobandikwa na kubandikwa upya mara mia hupoteza jina la aliyeipiga na la aliyekibuni kitu kilichomo. Mnamo Februari 2012, baada ya malalamiko ya wapigapicha na wachoraji, Pinterest ilitoa msimbo ambao mwenye tovuti angeutumia kuzuia picha zake zisibandikwe.

Hapa wenyeji wa pwani wana la kufunza. Leso, au kanga, ina pindo, mji na jina, lile neno la fumbo au methali linaloandikwa chini ya mji. Aidha, leso nyingi za Mombasa hubeba alama ya mfanyabiashara aliyezitoa. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya duka la Kaderdina Hajee Essak, isomekayo 'K.H.E. Mali ya Abdulla'. Leso hiyo ikivaliwa Lamu au Muscat, alama inabaki palepale kwenye kitambaa. Picha ya wavuti haina pindo la namna hiyo. Jina la mwenyewe huandikwa pembeni, na mkono wa kwanza unaoikata picha hulikata na jina.

Matokeo yake si hasara ya heshima pekee. Katika miaka ya 2000, kampuni moja nchini Uingereza iliomba kusajili neno 'kikoy' kuwa alama yake ya biashara. Wauzaji na watetezi wa Kenya walipinga, wakihofia kwamba mafundi wa vikoi wangezuiwa kuuza bidhaa yao huko kwa jina lake la asili. Ombi hilo halikufaulu, lakini lilionyesha jinsi kitu cha jamii nzima kinavyoweza kudaiwa na mmoja pale asili yake isipoandikwa mahali panapotambulika.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mpigapicha na mchoraji hata kama kazi yake imewekwa wazi mtandaoni. Kuonekana si kuruhusiwa. Kwa wale wanaotaka kazi zao zitumike, kuna leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002, ambazo humruhusu mwenye kazi kutaja masharti yake waziwazi: mathalani, kwamba atumiaye amtaje, au asiifanyie biashara.

Msomaji anayetafuta michoro na picha za kutumia bila wasiwasi ana hazina kubwa mbele yake. Makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam yalifungua mkusanyiko wake wa picha mtandaoni mwaka 2012. The Metropolitan Museum of Art ya New York ilifuata Februari 2017 kwa takriban picha 375,000 zisizo na masharti, nayo taasisi ya Smithsonian ya Washington ikatoa zipatazo milioni 2.8 mnamo Februari 2020. Wikimedia Commons, iliyoanzishwa 2004, hukusanya picha kutoka kila pembe ya dunia. Kwa upande wa Kenya, Makavazi ya Kitaifa yalishirikiana na Google mwaka 2019 kuonyesha mtandaoni historia na utamaduni wa jamii za nchi hii, chini ya jina Utamaduni Wetu.

Programu: dawa na sumu katika chupa moja

Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Duka la Android lilifunguliwa miezi michache baadaye, na mwaka 2012 likapewa jina la Google Play. Tangu hapo, kupendekezeana programu kumekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku.

Kenya ilikuwa na mfano wake hata kabla ya maduka hayo. Mapema Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, mwanablogu na wakili Ory Okolloh aliuliza katika blogu yake iwapo kuna mafundi wa tarakilishi wanaoweza kuunda ramani ya kuonyesha mahali maovu yalipotendeka. Katika siku chache, yeye pamoja na David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengineo walianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi kwa arafa na baruapepe na kuziweka kwenye ramani. Programu hiyo ilitolewa bure kwa ulimwengu, nayo ikatumiwa baada ya mtetemeko wa ardhi nchini Haiti mnamo Januari 2010. Asili ya yote ilikuwa kiungo kilichopita kutoka msomaji hadi msomaji.

Nyingine zilifuata. M-Farm, iliyobuniwa na Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka mwaka 2010, ilimpa mkulima bei za mazao kwa arafa ili asipunjwe na madalali. iCow ya Su Kahumbu ilimsaidia mfugaji kufuatilia uzazi wa ng'ombe wake kwa rununu ya kawaida. Zote mbili zilisambaa si kwa matangazo makubwa bali kwa watu kuambizana.

Hata hivyo, kizuri kinachopendekezwa na rafiki kinaweza kuwa na mwiba ambao rafiki mwenyewe haujui. Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya watengenezaji wa programu ya tochi ya rununu za Android, iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya milioni. Tochi hiyo ilikuwa ikiwatumia watangazaji wa biashara habari za mahali alipo mwenye simu, bila yeye kuelezwa ipasavyo. Tochi haihitaji kujua mwenyewe yuko wapi ili iwake.

Nchini Kenya, somo hilo lilikuja kwa sura ya programu za mikopo. Baadhi yazo ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya nambari zilizo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa, jamaa, wakubwa wake kazini na marafiki walipigiwa simu na kuelezwa deni lake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, pamoja na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, zilitungwa kukabiliana na maovu ya aina hiyo. Kuanzia 2023, Google nayo ilianza kuzitaka programu za mikopo za Kenya zionyeshe uthibitisho wa leseni kabla ya kukubaliwa dukani.

Kanuni ya msingi ni kulinganisha ruhusa na kazi. Kamusi haihitaji kamera, na kikokotoo hakihitaji majina ya watu. Programu inayoomba isichokihitaji isipendekezwe kwa mwingine, hata iwe na sura ya kuvutia kiasi gani.

Likizo: sifa za wengi na ujanja wa wachache

Watalii ndio wanaotegemea zaidi maneno ya watu wasiowajua. TripAdvisor, iliyoasisiwa nchini Marekani mwaka 2000, ilikusanya maoni ya wageni kuhusu hoteli na mikahawa. Couchsurfing ilianza 2004 kwa wazo la kumkaribisha mgeni alale bure kwako, ingawa mwaka 2020 ilianza kuwatoza wanachama ada.

Airbnb yenyewe ni mfano wa makundi yote matatu kukutana. Oktoba 2007, wahitimu wawili wa chuo cha usanifu, Brian Chesky na Joe Gebbia, waliwakodishia wageni magodoro ya kujaza hewa katika nyumba yao jijini San Francisco wakati hoteli zilipojaa kwa sababu ya mkutano wa wasanifu. Mwaka uliofuata, pamoja na Nathan Blecharczyk, waliligeuza wazo hilo kuwa biashara ambayo leo inajulikana dunia nzima.

Je, maoni ya wageni ni ya kuaminiwa? Mwaka 2017, mwandishi Oobah Butler aliamua kujaribu. Aliisajili banda la bustanini alimoishi kusini mwa London kuwa mkahawa uitwao The Shed at Dulwich, akapiga picha za 'vyakula' vilivyotengenezwa kwa vitu kama povu la kunyolea, na kuwaomba marafiki waandike sifa za uongo. Mkahawa huo usiokuwepo ulipanda hatua kwa hatua hadi Novemba ya mwaka huo ukawa wa kwanza katika orodha ya TripAdvisor ya mikahawa ya London. Watu waliomba nafasi kwa wiki nyingi, nao wakaambiwa kila mara kwamba meza zimejaa.

Jaribio hilo lilikuwa mzaha, lakini wapo wanaofanya hivyo kwa nia ya kuiba. Njia iliyozoeleka ni kunakili picha za nyumba halisi ya ufuoni, kuitangaza kwa bei ya chini mno wakati wa Desemba au Pasaka, na kumtaka mteja atume malipo ya awali kwa simu. Mteja hufika Diani au Watamu na mabegi na watoto, akakuta nyumba ni ya mtu mwingine ambaye hana habari zake. Tahadhari rahisi ni kuichukua picha hiyo na kuitafuta kwa mtambo wa kutafutia picha. Ikionekana katika matangazo mawili yenye majina tofauti, hapo pana walakini.

Vivyo hivyo kwa hati za safari. Kenya ilipoanzisha kibali cha kielektroniki cha kuingia nchini mnamo Januari 2024, zilizuka tovuti za watu binafsi zenye sura inayofanana na ya serikali zinazotoza zaidi. Tovuti rasmi za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke. Anayewatumia jamaa walio ng'ambo kiungo cha kuombea kibali hana budi kuutazama mwisho huo kwanza.

Pamoja na hayo, wavuti imewafungulia wengi mahali ambapo vitabu vya safari vilipapita kwa mistari miwili. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, ni mfano bora. Hadi 2009, mtaa wa Kibera jijini Nairobi ulikuwa karibu doa tupu katika ramani za mtandaoni, ingawa unakaliwa na watu wengi mno. Mwaka huo vijana wa mtaa huo, wakishirikiana na Erica Hagen na Mikel Maron katika mradi wa Map Kibera, walizunguka vichochoroni wakanakili zahanati, shule, vyoo na visima. Wikivoyage, kitabu cha safari kinachoandikwa na umma chini ya shirika la Wikimedia tangu 2013, nacho hupokea masahihisho ya mtu yeyote aijuaye sehemu yake.

Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Unesco ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni sehemu ambayo picha zake hugawanwa sana: milango ya nakshi, nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, punda katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Mwenye kugawana picha hizo hutenda haki zaidi akitaja pia kwamba humo mna nyumba za watu na misikiti inayosaliwa, na kwamba mgeni hubisha hodi.

Yanavyopotea

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wavuti imeuthibitisha usemi huo kwa njia mbili: kuna mali isiyoandikwa, na kuna daftari lenyewe kupotea.

GeoCities, iliyoanza 1994 na kuwapa mamilioni ya watu kurasa zao za kwanza, ilinunuliwa na Yahoo! mwaka 1999 kisha ikafungwa Oktoba 2009, isipokuwa tawi lake la Japani lililosalia hadi 2019. Google Reader, chombo cha kusomea habari za tovuti nyingi mahali pamoja, kilizimwa Julai 2013. StumbleUpon ilifungwa 2018. Delicious ilipita mikono kadhaa hadi iliponunuliwa na tovuti shindani ya Pinboard mwaka 2017 na kuzuiwa kupokea viungo vipya. Machi 2019, MySpace ilikiri kwamba nyimbo na picha zilizowekwa kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea. Pocket, ambayo Mozilla ilikuwa imeinunua 2017, ilifungwa Julai 8, 2025. Katika kila kisa, waliokuwa wameweka akiba humo walipewa muda mfupi wa kuihamisha, au hawakupewa kabisa.

Hata pale daftari linapobaki, kilichoandikwa huenda kimetoweka. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa Mei 2024 ulipata kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena muongo mmoja baadaye. Wasomi wa chuo kikuu cha Harvard nao walieleza mwaka 2013 kwamba takriban nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuongoza tena kwenye habari zilizokusudiwa. Ikiwa ushahidi wa hukumu unaweza kupotea hivyo, sembuse picha ya nyumba ya wageni?

Ngome kuu dhidi ya hasara hiyo ni Internet Archive, shirika lisilo la kibiashara lililoasisiwa na Brewster Kahle jijini San Francisco mwaka 1996. Chombo chake cha Wayback Machine, kilichofunguliwa kwa umma 2001, huhifadhi nakala za kurasa kwa tarehe zake, na mnamo Oktoba 2025 kilitimiza kurasa trilioni moja. Ngome hiyo nayo si ya chuma: Oktoba 2024 ilishambuliwa na wadukuzi na kulazimika kuzima huduma zake kwa siku kadhaa.

Kuokota na kugawana kwa busara

Kutokana na historia hii, yapo mambo machache yanayomfaa kila anayependa kukusanya na kugawana.

Kwanza, kifuatwe chanzo. Badala ya kutuma picha tupu, itumwe anwani ya ukurasa wa aliyeibuni, pamoja na jina lake. Fundi wa Kariobangi au mchoraji wa Kisumu hupata wateja kwa jina lake, si kwa uzuri wa picha isiyo na mwenyewe.

Pili, iandikwe tarehe na sababu. Kiungo kisicho na maelezo huwa fumbo baada ya mwaka mmoja. Sentensi moja inayosema ni nini, kimeonwa lini na kinafaa kwa nini humsaidia mwenyewe na atakayekipokea.

Tatu, itunzwe nakala. Ukurasa wenye thamani uombewe hifadhi katika Wayback Machine, na orodha ya vialamisho ipakuliwe mara kwa mara na kuwekwa mahali pa pili. Akiba iliyo mikononi mwa kampuni moja peke yake ni amana isiyo na mdhamini.

Nne, kijaribiwe kabla ya kupendekezwa. Programu isomwe ruhusa zake. Nyumba ya likizo ihakikishwe kwa simu kwa mtu aliye karibu nayo. Sifa zinazofanana mno, zilizoandikwa kwa siku moja, zitiliwe shaka.

Tano, kosa lirekebishwe palepale lilipotendeka. Aliyegawana kiungo cha matapeli bila kujua, akanyamaza baada ya kugundua, huwaacha waliomwamini wakiendelea kukifungua. Ujumbe wa masahihisho wa mstari mmoja, ukitumwa kwa watu walewale waliopokea ule wa kwanza, unaweza kumwokolea mtu karo ya mtoto wake.